Jicho la Kununulia na Jicho la Kuuzia

Mwezi huu naomba tulifikirie swali moja ambalo kwa sura ni dogo. Mtu akisema neno ambalo kwa wajuao ni kweli, naye anajua kwamba asiyejua atalielewa vingine, je, amesema kweli au amesema uongo? Wengi wetu tutajibu upesi kwamba amesema uongo. Lakini tukijibu upesi hivyo tutajikuta tumewahukumu watu wengi sana: muuza mitumba, muuza ng'ombe, mwenye chumba cha kupangisha, hata mposaji anayejieleza mbele ya wakwe. Kwa hiyo nimeona afadhali tulitazame swali hili mahali pamoja, mahali ambapo watu wamelibishania kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi. Mahali penyewe ni biashara ya sarafu za kale.

Msishangae. Huko Marekani na Uingereza biashara hii ni kubwa. Wako watu wakusanyao sarafu kama wengine wakusanyavyo stempu, na wako wachuuzi ambao kazi yao maisha yote ni kununua na kuuza vipande hivyo. Wala sisi hatuko mbali nayo kama tunavyodhani. Rupia na heller za Wajerumani, na shilingi ya Waingereza yenye simba, huuzwa leo katika minada ya Ulaya. Neno letu "hela" lenyewe ni ukumbusho: latokana na heller, sarafu ndogo iliyoletwa hapa mwaka 1904, heller 100 kwa rupia moja, badala ya pesa 64 zilizohesabiwa kabla yake. Na nyumba nyingi za wazee bado zina mkebe wa sarafu za babu chini ya kitanda. Siku hizi kijana huzipiga picha kwa simu, akazituma, na baada ya muda mfupi hujibiwa na mtu wa mbali kwa maneno mawili matatu juu ya hali ya sarafu, kisha bei. Hayo maneno mawili matatu ndiyo nitakayo tuyazungumze.

Kwanza yafaa kujua kwamba thamani ya sarafu haitokani na umri wake tu. Ziko sarafu za shaba za Warumi, za miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, ambazo huuzwa kwa bei ya kuku mmoja, kwa sababu zilifuliwa nyingi mno na bado zinachimbwa ardhini. Kinachopandisha bei ni uchache wa sarafu, wingi wa wanaoitaka, na hali yake. Uchache waweza kuhesabiwa. Wanaoitaka hujulikana mnadani. Hali yake ndiyo yenye ugomvi.

Sarafu inapotoka kiwandani huwa na mng'aro wa namna yake, si mng'aro wa kitu kilichosuguliwa bali wa madini yaliyobanwa kwa nguvu mara moja. Halafu huingia sokoni. Hukaa mfukoni pamoja na funguo, hutupwa mezani, hufungwa katika pindo la khanga, hupita mikono elfu. Sehemu zilizoinuka huanza kulika. Katika rupia ya Wajerumani ni shavu la Kaizari, masharubu yake, na yule tai aliye juu ya kofia. Baadaye hulika herufi, kisha ukingo, mwisho hubaki kivuli cha kichwa kwenye bamba. Mchuuzi huitazama kwa lenzi ya kukuzia na kusema imefika wapi katika safari hiyo.

Kusema imefika wapi, ndiko kupanga daraja. Waingereza tangu zamani hutumia maneno. Tukiyasema kwa lugha yetu ni Hafifu, Safi, Safi Sana, Safi Kupindukia, Isiyotumika. Wamarekani nao walikuwa na maneno yao, lakini mwaka 1949 mtaalamu mmoja aitwaye William Sheldon alitoa kitabu juu ya senti kubwa za shaba za nchi yake, akaweka namba kuanzia 1 hadi 70. Alikusudia kwamba sarafu ya 70 iwe na bei mara 70 ya ile ya 1. Hesabu hiyo ya bei haikudumu, namba ndizo zilizodumu. Mwaka 1977 Chama cha Sarafu cha Marekani kilichapa kanuni za kuzitumia kwa sarafu zote za nchi hiyo, na leo namba hizo zatumika duniani kote.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Katika ngazi hiyo ya 70 iko daraja iitwayo Njema. Waonaje wewe, Njema ingekuwa namba gani? Arobaini? Hamsini? Ni namba 4. Sarafu Njema ni ile iliyolika mpaka kichwa kimebaki umbo tupu, ila mwaka wasomeka. Njema Sana ni 8. Safi ni 12. Ukifika 60 ndipo waanza kuzikuta zile ambazo hazikupita mkononi kabisa, na kati ya hizo bado kuna ngazi kumi na moja za kubishania mikwaruzo isiyoonekana kwa macho matupu.

Mtu asiyejua akinunua kwa tangazo lisemalo "sarafu Njema", akapokea kipande kilicholika kama kokwa la embe, atalia kwamba ameibiwa. Mchuuzi atamfungulia kitabu na kumwonyesha: neno limeandikwa, maana yake imeandikwa, na limetumika hivyo tangu kabla hajazaliwa. Nani ana haki?

Kabla hatujamhukumu mchuuzi, sisi walimu tukumbuke ripoti za shule. Mwalimu anapoandika "Anajitahidi" kwenye karatasi ya mtoto, kila mtu katika chumba cha walimu ajua maana yake. Mzazi aliyesoma naye ajua. Lakini yuko mama atokaye shambani, aliyesomewa ile karatasi na jirani, ambaye hurudi nyumbani na furaha na kuchinja kuku. Neno halikuwa la uongo katika chumba cha walimu. Lilipovuka mlango ndipo lilipobadilika.

Basi mimi naona hivi: lugha ya kazi si dhambi. Kila kazi ina lugha yake, na asiyetaka kujifunza hata kidogo asiwalaumu wenye kazi. Lakini mchuuzi anapouza kwa mtu ambaye kwa dhahiri hajui, ana deni la kutafsiri. Neno moja latosha: "Njema kwetu maana yake imelika sana." Akinyamaza kwa kuwa ule ukimya una faida kwake, basi kitabu alichokifungua baadaye hakimsaidii.

Hilo ni jepesi. Zito zaidi ni jambo ambalo wakusanyaji wote hulilalamikia, nalo ndilo lililonipa kichwa cha makala hii. Kuna wachuuzi, sisemi wote, ambao wana jicho la kununulia na jicho la kuuzia. Ukimletea sarafu yako, hushika lenzi, hukunja uso, huguna. "Ukingo umegongwa. Hapa pana mkwaruzo. Shavu limekwenda." Huiita Safi, akalipa bei ya Safi. Juma linalofuata sarafu ile ile iko katika orodha yake ya kuuzia, na sasa ni Safi Sana, tena "karibu na Safi Kupindukia", tena "ya kupendeza". Haikubadilika hata chembe. Ilikaa tu usiku chache katika kabati lake.

Sisi tunaolima twaijua tabia hii bila kuwa na sarafu. Wazee wa Usukuma watakumbuka pamba safi na pamba fifi, na wenzetu wa Masasi na Newala wanajua maneno ya ghalani kuhusu korosho daraja la kwanza na daraja la pili. Mkulima huambiwa na karani mmoja, mahali fulani, kwamba mzigo wake ni wa chini. Mzigo huo huo ukifika mbele husifiwa. Maandiko nayo yanaijua. Mithali 20:14 yamsema mnunuzi anayekitweza kitu mbele ya mwenyewe, kisha akienda zake anajisifu. Na Kumbukumbu la Torati 25 hukataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, kubwa na dogo. Angalieni vizuri: Torati haikusema kwamba jiwe kubwa ni baya au jiwe dogo ni baya. Kosa ni kuwa nayo mawili. Ndivyo ilivyo kwa jicho. Mchuuzi mkali anayeita sarafu zote kwa daraja la chini, anaponunua na anapouza, hana hatia. Mchuuzi mpole afanyaye kinyume naye hana hatia kubwa, maana utamzoea na bei utaipima. Wachuuzi wa Uingereza mara nyingi ni wakali kuliko wa Marekani. Kile ambacho London wakiita Safi Sana, ng'ambo ya bahari huweza kuitwa Safi Kupindukia, na wajuao hawagombani kwa hilo. Kugombana kunaanza mtu mmoja anapokuwa Mwingereza asubuhi anaponunua na Mmarekani jioni anapouza.

Watu walijaribu kulitibu jambo hili. Katikati ya miaka ya 1980 baadhi ya wachuuzi wa Marekani wenyewe walianzisha makampuni ya kupanga daraja kwa niaba ya watu wote. Kampuni ya PCGS ilianza kupokea sarafu mwaka 1986, na NGC ikafuata mwaka 1987. Unapeleka sarafu yako na ada. Hutazamwa na zaidi ya mtu mmoja, nao hawaambiwi ni ya nani. Kisha hufungwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba. Sisi tuliosahihisha mitihani twaujua utaratibu huu: jina hufichwa, namba ya mtahiniwa ndiyo hubaki, na ikiwa karatasi ina utata husomwa na mwingine. Ni utaratibu mzuri, nao umepunguza udanganyifu mwingi wa wazi.

Lakini haukumaliza. Kati ya 64 na 65 jicho la kawaida halioni tofauti, na kwa baadhi ya sarafu hatua hiyo moja huongeza bei mara mbili au zaidi. Basi watu hulivunja kasha, wakaitoa sarafu, wakaipeleka tena na tena kwa wale wale, wakitumaini kwamba siku moja watatazama kwa huruma. Mara nyingine hufanikiwa! Hapo twajifunza kwamba namba iliyofungwa katika plastiki bado ni maoni ya mwanadamu, siku fulani, baada ya chai au kabla ya chai. Hatimaye mwaka 2007 ikaanzishwa kampuni nyingine, CAC, ambayo kazi yake ni kuwakagua waliokwisha kukagua, na ikiridhika hubandika kibandiko cha kijani juu ya kasha. Sijui ni lini tutahitaji wa kukagua kibandiko.

Na huyo Sheldon aliyetunga namba? Alifariki mwaka 1977. Katika miaka ya 1990 kesi ilifika mahakamani California, ikaonekana kwamba miaka mingi nyuma, alipokuwa ameaminiwa kuzichunguza senti za Jumuiya ya Sarafu ya Marekani huko New York, alizichukua zilizo bora na kuweka mahali pake za daraja la chini. Zaidi ya mia moja. Tafakarini ustadi uliohitajiwa: kubadilisha sarafu kwa namna ambayo msimamizi hataona, ni lazima ujue tofauti ndogo kabisa kati ya sarafu mbili zinazofanana. Hakuna aliyezijua tofauti hizo kuliko yeye. Kipimo chake kilikuwa sawa. Sisemi namba zake zitupwe. Hata mizani iliyotengenezwa na mwizi hupima kilo ikiwa ni kilo.

Tuache sasa maoni, tuje kwenye mambo ambayo si maoni. Daraja ni kukadiria, na watu wawili waaminifu waweza kutofautiana. Lakini kuna mambo ambayo ama yapo ama hayapo. Sarafu imesuguliwa au haikusuguliwa. Ilitobolewa ikavaliwa shingoni, kisha tundu likazibwa, au haikutobolewa. Hapa ndipo kimya cha mchuuzi huwa na uzito.

Chukueni mfano wa reale, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, ambayo babu zetu wa pwani na Unguja waliitumia katika biashara. Imeandikwa mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia. Lakini kwa kuwa wafanyabiashara wa Uarabuni na Afrika waliizoea sura hiyo na kuikataa nyingine, iliendelea kufuliwa kwa mwaka ule ule: Vienna, na katika karne ya 20 hata Roma, London na Bombay. Vienna huifua hadi leo kwa wanaopenda. Sasa mchuuzi anaandika: "Reale ya fedha, 1780." Je, ni uongo? Mwaka umeandikwa pale pale, mtoto wa darasa la pili atausoma. Fedha ni ya kweli. Sarafu si bandia, maana ilitoka katika kiwanda halali. Kila neno ni kweli, na mnunuzi mgeni ataondoka akiamini ameshika kitu cha zaidi ya miaka mia mbili, kumbe ni kidogo kuliko yeye mwenyewe.

Swali hili la kunyamaza ni la kale sana. Cicero wa Roma, mwaka 44 kabla ya Kristo, alimwandikia mwanawe kitabu juu ya wajibu, na humo aliwaleta wanafalsafa wawili wakishindana, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Kisiwani Rhodes kuna njaa. Mfanyabiashara wa nafaka afika toka Aleksandria, naye ameona baharini meli nyingine nyingi zikija na shehena. Je, awaambie wenyeji, au anyamaze na kuuza kwa bei ya njaa? Antipater asema awaambie, kwa kuwa wanadamu ni jamaa moja na faida ya mmoja haitengwi na ya wote. Diogenes asema hapana: kuficha ni jambo moja, na kutosema ni jambo jingine, muuzaji sharti ataje kasoro ambazo sheria yataka zitajwe, asidanganye, basi, na mengine auze apatavyo. Cicero aliongeza mfano wa nyumba ambayo vyumbani mna nyoka, na mwenyewe pekee ndiye ajuaye. Yeye alimwunga mkono Antipater katika yote mawili.

Thomas wa Aquino, katika karne ya 13, alitengeneza njia ya katikati, na mimi naona ndiyo inayotufaa wanadamu wa kawaida. Alisema kasoro iliyofichika, inayompunguzia mnunuzi thamani au kumdhuru, lazima isemwe. Kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima kuitangaza, mradi bei imepunguzwa ipasavyo. Na kuhusu zile meli za nafaka, alisema muuzaji akinyamaza havunji haki, ingawa akisema amefanya jambo bora zaidi. Kwa mchuuzi wetu wa sarafu maana yake ni hivi. Kulika kwa shavu la Kaizari ni farasi wa jicho moja; mwenye macho atazame. Tundu lililozibwa ni nyoka chumbani. Na kama mchuuzi ana fununu kwamba mwaka ujao bei ya reale itashuka, hiyo ni meli baharini, hadai mtu.

Lakini Thomas hakuishia kwa muuzaji, na sehemu hii ndiyo ninayotaka waumini wetu waisome mara mbili. Aliuliza: je, ikiwa asiyejua ni muuzaji? Mtu ana dhahabu, adhani ni shaba ya manjano, aiuza kwa bei ya shaba. Thomas ajibu kwamba mnunuzi akijua, amenunua kwa udhalimu, naye ana lazima ya kurudisha.

Mfano huu hautoki mbali nasi. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu, Wajerumani walikuwa wamezingirwa na hawapati sarafu toka kwao. Walianzisha kiwanda cha dharura Tabora, katika karakana ya reli. Walifua heller 20 kwa shaba na kwa shaba ya manjano, na kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke walifua sarafu ya rupia 15, yenye tembo na mlima nyuma yake. Zilifuliwa kama 16,000 tu, kisha mwezi wa Septemba mwaka huo huo jeshi la Wabelgiji liliingia mjini. Sarafu ya tembo ina uzito wa gramu 7 na kitu, na robo tatu yake ni dhahabu. Ni miongoni mwa sarafu zinazotafutwa sana za Afrika yote.

Basi tuseme bibi mmoja ana mkebe. Ndani yake mna heller nyingi za shaba na kipande kimoja kidogo cha manjano chenye tembo, ambacho yeye na wanawe hudhani ni shaba kama zile nyingine. Mnunuzi afika, apekua, auona. Moyo wake waruka lakini uso hautikisiki. Asema, "Bibi, mkebe wote nitakupa shilingi elfu thelathini, kwa kuwa hizi zimelika." Hakusema uongo. Zimelika kweli, hizo heller. Bibi apokea kwa shukrani na kumwombea safari njema.

Nimewauliza watu kadhaa juu ya mfano huu, na wengi, hata wazee wa kanisa, wamenijibu kwamba ni bahati ya mnunuzi. "Ujuzi wake ameulipia," wamesema. "Amesoma vitabu, ametembea, amepata hasara mara nyingi; siku moja amepata." Hoja hii si ya kudharau. Mwenye ujuzi anastahili kula kwa ujuzi wake. Hata mwalimu hulipwa kwa kuwa anajua wasichokijua wengine. Lakini mwalimu hulipwa kwa kuutoa ujuzi, na daktari vivyo hivyo. Huyu amelipwa kwa kuuzuia, tena kwa kumzuilia mtu aliye mbele yake, aliyemkaribisha kiti. Hakuna faida aliyomletea bibi yule ambayo bibi asingeipata kwa mtu yeyote apitaye njiani. Angemwambia, "Bibi, hii moja ni dhahabu, nami nataka nipate faida yangu, tukubaliane," angekula halali, na kwa kadiri nijuavyo bei za sarafu hiyo, wote wawili wangeshiba. Tofauti na zile meli za nafaka iko hapa: habari ya meli ni habari ya soko la kesho, bali habari ya dhahabu ni habari ya kitu kile kile kilicho mkononi.

Na neno la Thomas, kurudisha, ni gumu kuliko majuto. Hakusema mnunuzi atubu tu, wala atoe fungu kanisani. Amrudie bibi yule, au wanawe ikiwa amekwisha kufa, na fedha mkononi. Najua ni nadra mtu kufanya hivyo. Zakayo alifanya.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa nazi na mihogo ni kweli. Lakini sarafu haijiuzi, kwa sababu uzuri wake hausomeki na kila mtu, husemewa. Ndiyo maana nawaomba wenye mikebe mambo machache ya kawaida. Msizisugue sarafu kwa ndimu na majivu mkidhani mnaziongezea bei, maana mng'aro wa kusugua mkusanyaji huuona kama jeraha, na yale makampuni ya Marekani mara nyingi hukataa kuipa namba sarafu ya namna hiyo. Pima kwenye mizani ya sonara kipande chochote cha manjano kabla hujakitoa. Onyesha kwa watu wawili wasiofahamiana. Na mtu akija kununua, akaanza kuguna na kukunja uso, mwulize kwa upole: "Ingekuwa yako, ungeiandikaje katika tangazo lako?"

Kijana mmoja wa kwaya, ambaye siku hizi huuza sarafu kwa wageni wa Ulaya kwa njia ya simu, aliniuliza ikiwa deni hili lamhusu yeye pia. "Wale wanajua kuliko mimi, Mwalimu. Wana vitabu, wana lenzi. Nikiwa na rupia iliyowahi kutobolewa, sonara akaliziba tundu vizuri, niwaambie wakati wao ndio mabingwa?" Nilimwambia kulika kwa sura wataona wenyewe katika picha, asijisumbue kulieleza. Tundu awaambie. Picha ya simu haionyeshi tundu lililozibwa na fundi mzuri, na bingwa wa Ujerumani, kabla hajaishika mkononi, ni sawa na yule bibi mwenye mkebe.